-LI-, -ME- na -KA- Mbele ya Kiingereza: Mzungumzaji wa Kiswahili na Ujifunzaji wa Njeo za Wakati Uliopita



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu huenda ikawashangaza baadhi yenu. Katika mihadhara ya Kiswahili tumezoea kusikia habari za tenzi, za lahaja na za uundaji wa istilahi. Leo tunazungumzia Kiingereza, na tena kile kipengele chake ambacho wanafunzi wetu wengi hukiogopa, yaani namna ya kutaja mambo yaliyopita. Nimeileta mada hii hapa kwa sababu moja. Makosa mengi ambayo wanafunzi wetu huyafanya katika njeo za wakati uliopita za Kiingereza hayawezi kuelezwa na mtu anayejua Kiingereza peke yake. Huelezeka pale tunapoitazama kwa makini sarufi ya Kiswahili ambayo mwanafunzi anayo kichwani tangu utotoni.

Uzito wa jambo hili unafahamika. Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania, mtoto hufundishwa masomo yake kwa Kiswahili hadi anapomaliza. Akiingia kidato cha kwanza, historia, jiografia na baiolojia humjia kwa Kiingereza, na mtihani wa kidato cha nne huuandika kwa lugha hiyo. Mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa hafifu mno kuweza kubeba masomo hayo. Mjadala wa lugha ya kufundishia ulikuwapo kabla ya ripoti hiyo na umeendelea baada yake. Sikusudii kuuamua leo. Hata kama Kiswahili kitashika nafasi ya lugha ya kufundishia katika ngazi zote, Kiingereza kitabaki kuwa somo, na swali la jinsi ya kukifundisha litabaki palepale.

Hoja yangu ni hii: kosa la mwanafunzi, mara nyingi, ni ushahidi wa sarufi kamili inayofanya kazi yake sawasawa, isipokuwa ni sarufi ya lugha nyingine. Mwalimu asiyeijua sarufi hiyo atapiga mstari mwekundu, lakini hatajua anasahihisha nini. Nitaifafanua hoja hii kwa kupitia viambishi -li-, -me- na -ka-, kisha nitagusia ukanushi, kauli taarifa na masharti, na mwishoni nitatoa mapendekezo machache ya darasani.

2.0 Njeo na Hali

Kabla ya kuendelea yafaa tutenganishe dhana mbili ambazo vitabu vya shule huzichanganya. Ya kwanza ni njeo, na ya pili ni hali. Mwanaisimu Bernard Comrie aliandika kitabu kizima juu ya hali mwaka 1976 na kingine juu ya njeo mwaka 1985, jambo ambalo peke yake linatosha kutuonyesha kwamba dhana hizi ni mbili. Njeo huliweka tukio mahali pake katika mfuatano wa wakati: kabla ya kusema, wakati wa kusema, au baadaye. Hali hueleza jinsi msemaji anavyolitazama tukio hilo: je, limekwisha, linaendelea, hujirudia, au limeacha matokeo?

Tutazame mifano mitatu:

(1) Juma alisoma barua.
(2) Juma alikuwa akisoma barua.
(3) Juma alikuwa amesoma barua.

Sentensi zote tatu zina njeo moja, wakati uliopita. Zinatofautiana kwa hali. Katika (2) na (3) Kiswahili kimegawa kazi kwa vitenzi viwili: kitenzi kisaidizi «kuwa» kimebeba njeo, na kitenzi kikuu kimebeba hali. Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo kinaposema «was reading» na «had read». Hapa lugha zetu mbili ni majirani wema, na mwanafunzi aliyeonyeshwa ujirani huo huvuka bila shida.

Tena, Kiswahili sanifu hakipimi umbali wa wakati uliopita. Tunasema «alikuja» kwa mtu aliyekuja asubuhi ya leo na kwa mtu aliyekuja karne mbili zilizopita. Si lugha zote za Kibantu zilivyo. Kihaya, kwa mfano, hutofautisha kwa umbo la kitenzi jambo lililotokea leo, lililotokea jana, na lililotokea zamani zaidi. Katika hili Kiswahili kimekaribiana na Kiingereza kuliko kilivyokaribiana na jamaa yake wa Kagera. Basi tatizo la mwanafunzi wetu halitokani na uchache wa njeo katika lugha yake. Linatokana na mipaka: mahali ambapo Kiswahili kinatenga -li- na -me- si mahali ambapo Kiingereza kinatenga maumbo yake mawili yanayodhaniwa kuwa sawa na hayo.

3.0 Mlinganyo wa -li- na -me-

3.1 Swali la «lini» na swali la «ikoje»

E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliona vyema kuzieleza njeo za Kiswahili kwa kufuata viambishi vyenyewe. Vitabu vingi vya shule vilivyofuata vilipendelea majina: -li- ikawa wakati uliopita, -me- ikawa wakati timilifu. Kutoka hapo mwanafunzi hujengewa mlinganyo mwepesi. Penye -li- aweke «went». Penye -me- aweke «has gone». Mlinganyo huu hufaa katika sentensi za kitabuni, na huporomoka mwanafunzi anapoanza kusema yake mwenyewe.

Zichukuliwe sentensi hizi:

(4) Nimezaliwa Tanga mwaka 1990.
(5) Mgeni amefika jana usiku.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili fasaha hapa kingetaka -li-. Lakini sikio la mzungumzaji wa kawaida haliudhiki, na sababu yake ni ya kisarufi. Kiambishi -me- hutazama matokeo yanayodumu. Niliyezaliwa nipo, mgeni aliyefika yumo ndani. Kutaja mwaka au usiku hakuondoi matokeo hayo. Kiingereza, kwa upande wake, hakiruhusu umbo la «have» kukaa pamoja na neno linalotaja wakati uliokwisha kupita. Ndiyo maana mwanafunzi huandika «I have been born in Tanga in 1990» na «The visitor has arrived last night», naye huambiwa amekosea.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: «Mwalimu, lakini mgeni si bado yupo?» Swali hilo ni zuri, na linastahili jibu kamili. Katika Kiswahili, anayechagua -me- anajibu swali «sasa mambo yakoje?» Katika Kiingereza, kinachotawala ni swali «lini?» Sentensi inayojibu «lini», iwe kwa kutaja saa, siku, mwaka au karne, hutaka umbo sahili la wakati uliopita, hata kama matokeo yake yapo mbele ya macho yetu. Kanuni hii moja, ikielezwa kwa Kiswahili kwa dakika tano, humsaidia mwanafunzi kuliko orodha ndefu ya mazoezi asiyoyaelewa.

Mpaka huohuo huleta kosa la upande wa pili. Kiswahili husema «Ninaishi hapa tangu mwaka 2010» au «Niko hapa tangu asubuhi», kwa kuwa kuishi na kuwapo kunaendelea. Kiingereza huanzia nyuma na kuvuta hadi sasa, nacho hutaka «I have lived here since 2010» na «I have been here since morning». Mwanafunzi anayeandika «I am here since morning» hajaacha kufikiri. Amefikiri kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili amefikiri sawasawa.

3.2 -me- ya vitenzi vya hali

Lipo kundi la vitenzi ambalo limesahauliwa katika vitabu vingi vya Kiingereza vinavyotumika kwetu. Ni vitenzi kama kusimama, kuketi, kulala, kuinama, kuvaa, kushika, kuchoka, kujaa, kuiva na kuvunjika. Katika vitenzi hivi -me- haielezi tukio lililopita. Inaeleza hali iliyopo. «Mlinzi amesimama mlangoni» maana yake ni kwamba ukienda sasa utamkuta wima. Kiingereza chake ni «The guard is standing at the door». «Embe limeiva» ni «The mango is ripe», na «Kikombe kimevunjika» ni «The cup is broken». Mahali ambapo Kiswahili kina kitenzi chenye -me-, Kiingereza mara nyingine kina kivumishi tu.

Sasa zihamishiwe sentensi hizi katika wakati uliopita. «Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni» huwa, katika daftari la mwanafunzi aliyeshika mlinganyo, «The guard had stood at the door». Sentensi hii haina kosa la umbo. Mwalimu anaweza kuipita bila kuigusa. Lakini msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba mlinzi alikuwa amekwisha kusimama hapo kabla ya wakati unaozungumzwa, na huenda alikuwa hayupo tena. Mwandishi alitaka kusema kwamba mlinzi alikuwapo.

Tofauti hii si ya darasani tu. Kabla ya sheria ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini Tanzania, maneno ya mashahidi waliosema kwa Kiswahili yaliandikwa kwa Kiingereza katika mahakama nyingi. Shahidi akisema «Nilipoingia, alikuwa amelala», anasema alimkuta mtu usingizini. Ikiandikwa «he had slept», mtu huyo amekwisha kuamka. Tukio likiwa ni wizi au mauaji, kati ya usingizi unaoendelea na usingizi uliokwisha pana tofauti kubwa. Anayefasiri lazima ajue kwamba -me- ya «kulala» si -me- ya «kula».

3.3 Tarajio lililomo katika -ja-

Ukanushi wa -me- una jambo la ziada. «Hakufika» hufunga habari: kufika kulitakiwa kutokea, hakukutokea, basi. «Hajafika» huacha mlango wazi, kwani ndani yake mna tarajio kwamba atafika. Adabu ya mazungumzo yetu imejengwa juu ya tofauti hii. Kijana akiulizwa «Umeoa?» hujibu «Bado» au «Sijaoa», na kwa jibu hilo anakubali kwamba kuoa ni jambo linalongojewa kwa kila mtu. Mzungumzaji wa Kiingereza hujibu swali la namna hiyo kwa «No, I'm not married», bila ahadi yoyote. Kijana wetu akisema «I have not yet married», hajavunja sarufi, lakini amesafirisha tarajio la jamii nzima ndani ya neno dogo «yet». Hapa Kiswahili ndicho chenye ncha kali zaidi, na mwanafunzi yafaa ajue kwamba mara nyingine si yeye anayepungukiwa, bali umbo la Kiingereza.

4.0 -ka- na Mzigo wa Masimulizi

Nafika sasa kwenye kiambishi ambacho, kwa maoni yangu, kinawagharimu wanafunzi wetu alama nyingi bila wao kujua. Tusome masimulizi mafupi ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907:

(6) Wajerumani waliingia, wakajenga maboma, wakatoza kodi, wakawalazimisha watu kulima pamba. Watu wakachoka, wakachukua silaha.

Katika sentensi hii njeo imetajwa mara moja tu, katika «waliingia». Vitenzi vitano vinavyofuata havina wakati wao wenyewe. Vimeuazima kutoka kwa -li- ya mwanzo. Kazi ya -ka- ni kusema kwamba tukio hili limefuata lile, na mara nyingi kwamba limetokana nalo. Ni mpango wa kiuchumi na wa kimantiki: wakati ukishawekwa, hauna haja ya kurudiwa.

Kiingereza hakina mpango huo. Kila kitenzi katika masimulizi hubeba alama yake ya wakati uliopita: «came», «built», «collected», «forced», «grew tired», «took up arms». Mwanafunzi anayefikiri kwa -ka- huandika «The Germans came, build forts, collect tax and force people to grow cotton». Amekiwekea kitenzi cha kwanza wakati, kisha akaviacha vingine uchi, kwa kuwa katika lugha yake wakati umekwisha kujulikana. Isitoshe, Kiingereza hakina kiambishi cha mfuatano ndani ya kitenzi, naye anahisi pengo hilo. Hulijaza kwa «then», na tena «then», hadi ukurasa mzima ukawa «then». Mwalimu husema mtindo wake ni mbovu. Kwa kweli kila «then» ni -ka- moja iliyokosa makazi.

Tatizo haliishii kwenye somo la Kiingereza. Sentensi hiyo imeandikwa katika mtihani wa historia. Mwanafunzi anajua kilichotokea, anajua mfuatano, na anajua sababu, kwani -ka- yenyewe ni chombo cha sababu na mfuatano. Msahihishaji anaona vitenzi vya wakati uliopo na kudhani kwamba mtahiniwa hatofautishi ya jana na ya leo. Mtoto aliyeielewa historia anaonekana hajaielewa. Hapo ndipo kiambishi cha herufi mbili kinapoamua safari ya maisha.

5.0 Ukanushi na Swali

Kosa la «did not went» linajulikana kote Afrika Mashariki, na husahihishwa kila wiki bila kupungua. Kwa kawaida mwalimu hutoa amri: baada ya «did» tumia umbo la msingi. Mwanafunzi hukariri amri hiyo na kuisahau.

Lakini tuitazame lugha yake mwenyewe. Ukanushi wa «alikwenda» ni «hakwenda». Ukanushi wa «alisoma» ni «hakusoma». Kiambishi -li- kimetoweka, na hakuna mtoto wa Kiswahili anayesema «hakualisoma». Vivyo hivyo «amesoma» hukanushwa kwa «hajasoma», na -me- haionekani tena. Maana yake ni kwamba mzungumzaji wa Kiswahili anaijua tangu utotoni kanuni ambayo tunadhani ni ngeni kwake: kitenzi kikikanushwa, alama ya wakati hubadili umbo au huhama mahali. Katika Kiingereza huhamia kwenye «did», na kitenzi kikuu hubaki kitupu. Mwanafunzi akiambiwa kwamba «did not went» ni sawa na «hakualikwenda», atacheka, na kilichomchekesha hatakisahau upesi.

Katika swali hali ni ngumu kidogo, kwani Kiswahili hakibadili kitenzi. «Alikwenda?» na «Alikwenda.» hutofautiana kwa kiimbo tu, au kwa kuongeza «je» mbele. Hapa hakuna daraja la kuazima. Mwalimu hana budi kulijenga upya, akionyesha kwamba «did» ya swali na «did» ya ukanushi ni mbebaji mmoja wa wakati.

6.0 Kauli Taarifa na Masharti

Sentensi «Alisema anaumwa» ina -li- katika kitenzi cha kwanza na -na- katika cha pili. Kuumwa kunapimwa kutoka wakati wa kusema kwake, si kutoka wakati wetu. Kiingereza kwa kawaida huvuta vitenzi vyote viwili nyuma: «She said she was ill». Mwanafunzi huandika «She said she is ill», na msomaji anaweza kudhani kwamba mgonjwa bado hajapona.

Kinachosahaulika ni kwamba shida hiyo huja pia katika kusoma. Mtu anayesoma «She said she was ill» na kuifasiri «Alisema alikuwa anaumwa» amebadili habari, kwa sababu Kiswahili hicho kinaashiria zaidi kwamba ugonjwa ulitangulia maneno yake. Tafsiri za namna hii huonekana mara kwa mara katika habari zilizotolewa kutoka Kiingereza. Hazina kosa la tahajia wala la upatanisho wa ngeli, na bado zinasema lisilosemwa.

Masharti nayo yana mtego wake. Kiswahili hurudia -nge- pande zote mbili: «Ningekuwa na fedha, ningenunua shamba». Mwanafunzi anayeona ulinganifu huo huandika «If I would have money, I would buy a farm». Kiingereza hutaka «If I had money», yaani umbo la wakati uliopita kwa jambo ambalo halijapita wala halipo. Mwanafunzi huuliza jana imeingiaje hapa. Jibu ni kwamba katika Kiingereza umbo la wakati uliopita lina kazi mbili: huonyesha umbali wa wakati, na pia umbali kutoka kwenye ukweli wa mambo. Kiswahili kimezigawa kazi hizo kwa viambishi viwili tofauti, -li- na -nge-, na kwa hiyo mzungumzaji wake hana sababu ya kuhisi kwamba ni jamaa.

7.0 Makosa Yasiyotoka Katika Kiswahili

Itakuwa si haki kukibebesha Kiswahili kila lawama. Robert Lado, mwaka 1957, alitetea kwa nguvu wazo la kulinganisha lugha mbili ili kutabiri matatizo ya mwanafunzi. Baada yake S. Pit Corder, mwaka 1967, alisisitiza kwamba makosa ya mwanafunzi ni dalili ya mfumo anaoujenga, na Larry Selinker, mwaka 1972, aliuelezea mfumo huo kama lugha ya kati, isiyo ya kwanza wala ya pili.

Ushahidi upo darasani. Mwanafunzi anayeandika «buyed» na «teached» hakuyatoa hayo katika Kiswahili. Mtoto wa Kiingereza naye husema «goed» baada ya kuwa tayari alikwisha kusema «went», kwa kuwa sasa ameigundua kanuni na anaitumia kupita kiasi. Mwaka 1958 Jean Berko aliwapa watoto wadogo maneno ya kubuni ambayo hawakuwa wamewahi kuyasikia, na wengi wao waliweza kuyatia kiambishi cha wakati uliopita. Kwa hiyo «buyed» ni hatua ya mbele. Bahati mbaya ni kwamba vitenzi vinavyotumika zaidi katika Kiingereza, kama vile «be», «have», «do», «say» na «go», ndivyo visivyofuata kanuni. Hivyo havina njia ya mkato. Huzoeleka kwa kusomwa na kusikiwa mara nyingi, na mwanafunzi asiye na vitabu vya kusoma atabaki nyuma hata akifundishwa vizuri namna gani.

Kuna pia kosa la kinywa. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu. Umbo la «-ed» hutamkwa kwa namna tatu: kama t katika «walked», kama d katika «lived», na kama silabi kamili katika «wanted». Katika «asked» konsonanti tatu hufuatana mwishoni mwa neno. Mzungumzaji wetu ama huongeza irabu, ama huangusha konsonanti ya mwisho, na pamoja nayo wakati uliopita wenyewe. Asichokisikia hakiandiki. Mwalimu akitaka kujua kama mwanafunzi hajui njeo au hawezi kutamka, amwombe asimulie kwa vitenzi kama «saw» na «brought». Akipatia hapo na kukosea «walked», ugonjwa uko ulimini.

8.0 Mapendekezo

Kikwazo kikubwa cha kuyatumia haya ni imani kwamba somo la Kiingereza lazima lifundishwe kwa Kiingereza kitupu. Imani hiyo ilipata nguvu katika mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola juu ya ufundishaji wa Kiingereza uliofanyika Makerere mwaka 1961, na Robert Phillipson aliihoji kwa kina mwaka 1992. Sisemi kwamba darasa la Kiingereza liendeshwe kwa Kiswahili. Nasema kwamba maelezo machache, yaliyowekwa mahali pake, huokoa miezi ya kubahatisha.

Kwanza, tofauti kati ya umbo sahili na umbo la «have» ifundishwe kwa swali la «lini», na mlinganyo wa -li- na -me- uondolewe katika vitabu au uwekewe tahadhari. Pili, vitenzi vya hali viorodheshwe, na mwanafunzi azoee kuuliza kama -me- iliyo mbele yake ni ya tukio au ya hali. Tatu, mwanafunzi apewe masimulizi yenye -ka-, apigie mstari kila kitenzi, kisha ahakikishe kwamba kila mstari umepata wakati wake katika Kiingereza. Zoezi hili lifanywe na walimu wa historia pia, kwa kuwa hao ndio wanaopokea madhara. Nne, ukanushi wa Kiingereza uanzie kwenye ukanushi wa Kiswahili.

Tano, na hili linavihusu vyuo vyetu, mwalimu mtarajiwa wa Kiingereza asome sarufi ya Kiswahili kama sehemu ya taaluma yake. Nchini Kenya, ambako lugha zote mbili ni za lazima katika masomo ya shule, walimu wa somo moja na wa jingine hukaa katika ofisi moja. Ni hasara wakipeana chaki na wasipeane maarifa. Na pale ambapo watoto wanatoka katika lugha nyingine, kama hao wa Kihaya, mwalimu ajue kwamba chini ya Kiswahili kuna sarufi ya tatu, yenye kipimo chake cha jana na juzi.

9.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Katika mafunzo ya lugha tunaweza kuielewa methali hiyo hivi: mwanafunzi anayeambiwa aiache sarufi yake mlangoni huingia darasani mikono mitupu, hali alikuja na mali. Ana mfumo wa kutenganisha tukio na matokeo yake, wa kufuatanisha mambo, wa kutofautisha lisilotokea na lisilotokea bado. Mfumo huo hautafutika kwa kalamu nyekundu. Utamsaidia au utamkwaza, kutegemea kama aliye mbele yake anaujua.

Ndiyo sababu naiona mada hii kuwa ya taaluma za Kiswahili. Uchambuzi wetu wa -li-, -me- na -ka- haujakamilika hadi utakapomfikia mtoto wa kidato cha kwanza anayeandika habari za Majimaji katika lugha ambayo si yake, akitaka tu aeleweke kwamba anajua kilichotokea, na kilitokea lini.